Nimebana choki, marisau yakazidi kutawanyika. Nimekosea wapi?

Mfuatanyayo aliandika:

Heshima kwenu wakuu. Nina shotigani ya pampu, geji 12, mtutu wake una nyuzi mdomoni za kubadilishia choki, yaani kile kipande kinachobana mdomo wa mtutu. Nawinda nguruwe pori kwenye vichaka vizito, mahali ambapo mnyama unamwona sekunde mbili tatu kisha basi. Natumia marisau makubwa ya milimita 8.4, tisa kwa ganda. Boksi moja limeandikwa 00, jingine SG, ila nimeyapima ni yale yale.

Msimu uliopita nilimpiga dume mmoja mita 30 hivi, kwa kukadiria. Alipiga magoti, akainuka, akaingia kichakani. Nilifuata damu tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Nilipommaliza nikamkagua: kati ya marisau tisa, mawili tu ndiyo yaliyomwingia, moja pajani, moja tumboni. Mnyama ameteseka saa saba kwa sababu yangu. Jambo hilo halijanitoka.

Nikajiambia kosa ni choki. Wakati ule nilikuwa na nusu choki. Nikanunua nyingine iliyobanwa hasa, zile zinazosifiwa na wawindaji wa bata mzinga wa porini. Ubavuni imeandikwa 0.660, yaani inchi, na kalipa yangu inasoma milimita 16.8. Nikasema sasa yatakwenda kama ngumi.

Jumamosi nikasimamisha karatasi za mita moja kwa moja, nikapima mita 35 kwa futi ya kamba, nikachora duara la sentimita 50. Nusu choki ikaweka ndani ya duara 7, 6, 7. Choki mpya ikaweka 4, 3, 5. Karatasi moja ina tundu lefu kama harage, na nyingine ina matundu mawili yaliyoshikana kama tarakimu 8. Bunduki niliiegemeza juu ya mfuko wa mchanga, kwa hiyo msiniambie mkono ulitetemeka.

Ukibana mdomo wa bomba la maji, maji yanakwenda mbali yakiwa yameshikana. Kwa nini marisau yanakataa?

---

Kizibo_Kikavu:

Huo mfano wa bomba ndio uliokuponza, mdogo wangu. Maji hayana mifupa. Marisau yako ni mipira migumu, na mpira mgumu ukipita mahali pembamba kuliko upana wake na wenzake, ama utapanda juu ya mwenzake, ama utabondeka.

Fanya jambo hili kabla hujanijibu. Itoe choki kwenye mtutu, iweke mezani. Chukua ganda moja la boksi hilo, fungua mikunjo ya mbele kwa bisibisi nyembamba, mwaga marisau. (Ganda lililofunguliwa halirudi kwenye bunduki, liweke mbali.) Sasa jaribu kulaza marisau matatu ndani ya ile choki ya bata mzinga, yote matatu usawa mmoja kama mafiga. Hayatalala. La tatu litakaa juu ya migongo ya mawili.

Hesabu yake ni hii. Mipira mitatu ikikaa bega kwa bega inahitaji duara lenye kipenyo cha mpira mmoja mara 2.155. Yako ni 8.4, kwa hiyo mafiga yanataka milimita 18.1. Mtutu wa geji 12 kwa kipimo cha kawaida ni 18.5, hivyo yanashuka mtutu wote kwa raha, tatu, tatu, tatu. Robo choki inabana kama robo ya milimita, unabaki na 18.2 na ushee: bado yanapita. Nusu choki inabana nusu milimita, unabaki na 18.0: yanasuguana kidogo. Choki kamili inabana karibu milimita moja, unafika 17.5, na hapo kila safu lazima ivunjike. Yako ya 16.8 imebana milimita 1.7! Yale marisau yanafika pale kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde halafu yanaambiwa yapange foleni upya. Tundu la harage ni risau lililobondeka. Tundu la nane ni mawili yaliyogandana kwa kukandamizana.

Choki ya bata mzinga imetengenezwa kwa risasi ndogo za milimita 3 hivi au chini, mamia kwa ganda. Hizo zinabanwa kama mchanga, zinajipanga upya bila ugomvi. Marisau tisa hayawezi kuwa mchanga.

Na jina lililoandikwa kwenye choki usilitegemee sana. Mbano ni tofauti kati ya tundu la mtutu wako na tundu la choki, na mitutu haifanani; mingine hutanuliwa makusudi hadi 18.8. Pima vyote viwili.

---

Gongo_la_Mboni:

Nunua raifo, achana na kuhesabu matundu.

---

Mfuatanyayo:

@Gongo_la_Mboni kichakani ninakoingia darubini inaonyesha majani tu, mkuu. Ila nimekusikia.

@Kizibo_Kikavu shikamoo mzee wangu. Nimefanya. Kwenye choki ya bata mzinga hata mawili yanalala kwa shida, yananing'inia. Kwenye choki kamili la tatu linakaa juu. Kwenye nusu yanakaribia kulala, yanakwama kama unywele. Kwenye robo yameingia yote matatu na yanazunguka. Nimekaa naangalia hiyo meza dakika kumi nzima najiona mjinga. Mke wangu ameniuliza ninacheza gololi?

Kwa hiyo jibu ni robo choki na mambo yameisha?

---

Kizibo_Kikavu:

Marahaba. Robo na nusu ndipo pa kuanzia. Hayajaisha, karatasi ndiyo itakayosema.

---

Binti_Shabaha:

Naomba nimpinge mzee kidogo, kwa heshima zote. Mafiga ni kweli, ila anaeleza ganda la aina moja: marisau ya madini ya risasi tupu, laini, yaliyopangwa tatu tatu bila kikombe kinene cha plastiki. Maganda ya sasa hayafanani. Mimi nimeshapiga karatasi nyingi kuliko wanyama, na kama ningepewa pesa ya kitu kimoja tu, ningebadilisha ganda kabla sijagusa choki.

Kaka Mfuatanyayo, soma boksi lako utafute mambo matatu.

Kwanza, je, marisau yamepakwa shaba, au angalau ni ya risasi iliyotiwa antimoni ikawa ngumu? Baruti inaposukuma ghafla, marisau ya nyuma yanakandamizwa na uzito wa yale ya mbele kabla hata hayajaiona choki. Risasi laini inabondeka pale pale. Risau lililobondeka ni kama mpira wa matambara, huwezi kujua litapinda upande gani hewani. Yakiwa magumu yanaivumilia choki. Yale yanayojitenga na wenzake kwenye karatasi yako mara nyingi ni yale yaliyoumia.

Pili, je, kuna unga wa plastiki katikati ya marisau? Ukifungua ganda utauona, mweupe kama sukari. Kazi yake ni kujaza nafasi ili marisau yasigongane. Ukipiga unatoka kama vumbi, usishtuke.

Tatu, kizibo, yaani kile kikombe cha plastiki kinachobeba marisau ndani ya ganda. Hapa ndipo penye tofauti kubwa. Watengenezaji wa maganda Federal wanacho kinachoitwa FliteControl, na Hornady wana cha kwao, Versatite. Kikombe cha kawaida kinafunguka mbele kama ua mara tu kinapotoka mdomoni, hewa inakisukuma pembeni na marisau yanaachwa yajitafutie njia. Hiki cha Federal kina mabawa nyuma. Kinatoka kimeshika marisau yote, kinasafiri nayo mita kadhaa, halafu mabawa yanakamata hewa na kukirudisha nyuma taratibu, marisau yanatoka mbele yakiwa bado ni kundi. Sasa sikiliza: ganda la aina hii linataka silinda, yaani choki isiyobana kabisa, au robo choki. Ukiliweka kwenye choki iliyobanwa sana unakibana kikombe chenyewe kabla ya wakati wake na unaharibu ulichokilipia. Choki zenye vitundu pembeni nazo zinaweza kuyakwaruza yale mabawa. (Vitundu hivyo, kwa maoni yangu, kazi yake kubwa ni kumtoboa masikio jirani yako.)

Pia usidharau ganda la mwendo wa pole. La kawaida linatoka na mita 400 kwa sekunde hivi, yale ya teke dogo yanatoka na 350. Mara nyingi la pole linakusanya vizuri zaidi, kwa sababu msukumo wa mwanzo ni mpole na marisau hayaumii. Watu wanakimbilia ganda refu la inchi 3 lenye marisau 15 wakidhani mengi ni bora. Bega linauma na karatasi inacheka.

Jingine dogo: kama utapata ganda la marisau manane badala ya tisa, lijaribu. Kwenye vile vizibo vya kisasa marisau hukaa mawili mawili, na tisa ni witiri, mmoja hana mwenzake. Wapigaji wengi wameona huyo wa tisa ndiye anayetoroka.

---

Kizibo_Kikavu:

Binti, sijapingwa, nimeongezewa. Mimi bado nina boksi la marisau tupu ya zamani na ndiyo niliyokuwa nayo kichwani. Lakini kwenye hili tutagongana: mimi nisingemshauri 00 kabisa. Ningempa namba 1, milimita 7.6, kumi na sita kwenye ganda la kawaida. Kila moja ni gramu 2.6 dhidi ya 3.5, lakini jumla ya risasi ni kubwa zaidi, matundu ni mengi, na mafiga yake yanapita hata kwenye choki kamili: 7.6 mara 2.155 ni 16.4.

---

Binti_Shabaha:

Mafiga ndiyo, mzee, ila hayo kumi na sita hayakai mafiga. Yanakaa manne manne, safu nne, na manne yanahitaji kipenyo mara 2.414. Piga hesabu: 18.3. Tumerudi kule kule, nusu choki tayari inayavunja. Faida yako ni kwamba dogo linajipanga upya kwa urahisi kuliko kubwa, hilo nakubali. Kwa nguruwe mwenye ngozi nene na mafuta mabegani mimi nabaki na 8.4. Kwa mnyama wa ukubwa wa mbuzi ningekufuata.

Na wewe Mfuatanyayo, ukienda kununua, nunua kwa milimita. Namba 4 ya marisau makubwa ni milimita 6.1. Namba 4 ya ndege kwa hesabu ya Marekani ni 3.3. Boksi zote mbili zina "4" kubwa mbele. Uingereza wana herufi: LG ni 9.1, SG 8.4, SSG 6.8. Nimeona mtu mzima amekwenda kwa nguruwe na risasi za bata.

---

Kizibo_Kikavu:

Manne manne. Umenishika. Nimelazimika kufungua ganda nihakikishe.

---

Nyuma_ya_Shabaha:

Wakuu, mnajadili kubana, niongezee yanayoweza kumlipukia mtu mkononi.

Choki zilizobanwa haziingiliani na kila kitu. Marisau makubwa ya chuma kwenye choki kamili, hapana. Chuma hakibondeki, kinachobondeka ni choki au mtutu. Risasi moja nzima ya shotigani kwenye choki ya bata mzinga, hapana vilevile. Nyuzi za choki zinatofautiana kwa kila mtengenezaji, hata kama mbili zinaonekana kuingia. Ukilazimisha ya mwenzako, inaweza kulegea ikatoka na marisau. Na usipige kamwe mtutu ukiwa hauna choki, nyuzi zitabaki wazi zikaliwe na marisau. Kila baada ya maganda machache toa risasi zote, hakikisha bunduki ni tupu, kisha kagua kama choki imekaza. Huwa inajifungua yenyewe taratibu.

La pili. Kuna kanuni ya zamani ya Mfaransa Journée: kipenyo cha risau kwa inchi, zidisha 2200, unapata yadi ambazo linaweza kufika likipigwa juu. Inchi 0.33 ni yadi 726, mita 660 hivi. Hayo marisau mawili matatu yanayotoroka nje ya duara lako yanaenda mahali. Hakikisha nyuma ya mnyama kuna udongo.

Na sheria: Ujerumani, kwa mfano, haikuruhusu kumpiga nguruwe kwa marisau hata yakikusanyika namna gani. Kila mahali pana yake. Isome kabla ya kununua boksi.

---

Mfuatanyayo:

Samahanini kwa kimya, wiki tatu. Nimepiga maganda 40, bega limebadilika rangi.

Nilifuata alivyosema Binti, nikabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kupiga mara tatu kila jozi, mita 35 zile zile, duara lile lile la sentimita 50. Ndani yake nikachora jingine la 25, kwa sababu mapafu na moyo wa nguruwe haviko kwenye sentimita 50.

Ganda langu la zamani, risasi tupu: silinda ilitia wastani wa 5 kwenye duara kubwa, robo 6, nusu 7, choki kamili 5. Kwa hiyo nusu ilishinda robo ingawa mafiga yanakwama kidogo. Mzee, hesabu yako imenionyesha ukuta uko wapi, ila karatasi ndiyo iliyosema nisimame hatua moja mbele ya pale ulipopaweka.

Ganda lililopakwa shaba na lenye unga: nusu 8, choki kamili 8. Hii ilinishangaza. Yale magumu yamepita kwenye 17.5 bila malalamiko. Kwenye duara dogo kamili ilikuwa na 5, nusu 4. Nikapiga tena mara tatu, ikawa 4 na 4. Kwa hiyo ni sawa tu, nilikuwa naona ninachotaka kuona.

Ganda la marisau manane lenye kizibo cha mabawa, robo choki: manane yote kwenye duara kubwa, mara tatu mfululizo. Duara dogo: 6, 7, 6. Kizibo chenyewe nilikiokota mbele sana kuliko nilivyozoea kuokota vizibo. Kwa udadisi nikalipitisha kwenye choki ya bata mzinga mara moja: matano kwenye kubwa, mawili kwenye dogo. Nikaacha, ganda ni ghali.

Kitu kimoja hamkuniambia, au mliniambia sikusikia. Maduara nilikuwa nayachora baada ya kupiga, kuzunguka kundi, na kundi la ganda hilo zuri halikuwa katikati ya karatasi. Lilikaa sentimita 12 kushoto ya nilipolenga, kila mara. Marisau yalipokuwa yanatawanyika kote sikuwa naliona hilo, kwa sababu daima kulikuwa na tundu moja mbili katikati za kunipumbaza. Nikaazima choki nyingine ya robo kutoka kwa rafiki yangu mwenye bunduki kama yangu, hali ile ile. Kumbe ni mimi: nalenga kwa shanga ya mbele ya mtutu peke yake, shavu langu halikai sawa kwenye kitako. Nimefunga kilengeo cha nyuma.

---

Binti_Shabaha:

Sentimita 12 kwa mita 35 na kundi lililobana ni kumkosa mapafu kabisa. Afadhali umeliona kwenye karatasi. Sasa rudia kwa mita 20 na 25, utaona kundi limekuwa dogo kama sahani. Kwa umbali huo unalenga kama mwenye raifo, huwezi kuelekeza tu upande wa mnyama.

Na umbali wako wa mwisho usiuhesabu kwa wastani. Uhesabu kwa karatasi mbaya kuliko zote.

---

Mfuatanyayo:

Nimefanya, dada. Karatasi mbaya kuliko zote ya mita 35 ina 6 kwenye duara dogo. Kwa mita 40 mbaya kuliko zote ina 3. Nimejiwekea 35 na hapo ndipo mwisho.

Halafu jana nikapita pale nilipompigia yule dume. Ule mti niliouegemea upo, na jiwe alilokuwa amesimama kando yake lipo. Nikatandika ile futi ya kamba chini, nikaivuta mara mbili kwa sababu sikuamini ya kwanza.

Ni mita 46.

Ile choki ya bata mzinga nimeifunga kwenye kitambaa chenye mafuta. Shemeji anawinda bata mzinga, atakuja kuichukua.

---

Gongo_la_Mboni:

Mita 46 ukaiona 30? Nunua kipimo cha umbali kwanza. Raifo baadaye.